Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Alfajiri ya mwezi Julai, katika miji ya nyanda za juu kama Njombe na Makambako, si ajabu kuona vijana wakilisukuma gari dogo la abiria lililokataa kuwaka. Hukumu hutolewa papo hapo: baridi imeiua betri. Ifikapo saa nne betri hiyo imekwisha kung'olewa na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya uzito wake, na nyingine mpya imefungwa mahali pake kwa fedha ambazo aghalabu ni za kukopa. Katika shughuli hiyo yote hakuna aliyepima chochote: si dereva, si fundi, wala si muuza betri.

Hukumu ya namna hiyo yaweza kuwa na makosa mawili. Kwanza, huenda betri yenyewe haijafa. Pili, hata kama imekufa, yaelekea haikuuawa na baridi ya Njombe. Iliuawa na joto la Dar es Salaam na Morogoro miezi mingi kabla, na baridi ikaja kuufichua msiba uliokwisha kutokea. Kosa la kwanza humgharimu mwenye gari. La pili humfanya airudie hasara ileile kila baada ya mwaka mmoja au miwili, akidhani kwamba ndiyo desturi ya betri.

Betri ya gari si ghala la umeme kama debe lilivyo ghala la maji. Ni chombo cha kemia. Ndani yake mna vyumba sita, na katika kila chumba mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeibuni seli ya namna hiyo mwaka 1859, na mwenzake Camille Faure akaboresha mabamba yake mwaka 1881. Tangu hapo msingi wake haukubadilika. Umeme unapotumika, salfa iliyomo katika tindikali huingia katika mabamba na kufanya salfeti ya risasi, nayo tindikali hupungua ukali ikakaribia kuwa maji matupu. Betri inapochajiwa, salfa hutoka katika mabamba na kurudi katika kiowevu. Kwa hiyo ukali wa tindikali ni kama daftari la hesabu: kila kilichotoka na kila kilichoingia kimeandikwa humo, na yeyote mwenye kifaa cha kulisomea aweza kulisoma.

Msomaji ashike jambo hilo moja, kwa kuwa mengine yote yanatokana nalo.

Kasi ya mambo ya kikemia huongezeka kwa joto. Kanuni ya kukadiria isemayo kwamba kasi hiyo huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi yafaa kukumbukwa hapa. Betri iliyofungwa kando ya injini, katika mji ambao kivulini tu hewa hupita nyuzi 30, hutoa umeme kwa wepesi na kumpendeza dereva. Lakini wakati huohuo kimiani kinachoshika mabamba kinaliwa haraka, maji yanapungua, na chaji inavuja yenyewe hata gari likiwa limesimama. Ikipandishwa milimani, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, kemia yake hupoa, oili ya injini huwa nzito, na nguvu inayotakiwa kuizungusha injini huongezeka wakati uwezo wa kuitoa umepungua. Betri nzima huvumilia hayo bila taabu. Iliyokwisha kuliwa na joto haivumilii.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Juu ya betri nyingi zinazoingizwa nchini imechapwa namba kubwa pamoja na herufi CCA, na wauzaji huisifia. Namba hiyo hueleza ni ampea ngapi betri yaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hakuna barabara ya Tanzania yenye baridi hiyo. Namba si ya uongo, ila ni jibu la swali lililoulizwa na mtu wa Kanada au Sweden. Mnunuzi wa Tanga angefaidika zaidi kama angeitafuta tarehe ya kutengenezwa kwa betri, maana iliyokaa dukani mwaka mzima katika joto la pwani bila kuchajiwa imekwisha kuzeeka kabla ya kufungwa kwenye gari.

Basi betri ipimwe vipi nyumbani? Vifaa ni viwili, na bei yake kwa pamoja ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri mpya. Cha kwanza ni mita ya kupimia volti, ambayo sasa hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Cha pili ni haidromita: bomba la kioo au plastiki lenye mpira wa kufinya kwa juu na boya dogo ndani. Gari lizimwe na kuachwa limetulia kwa saa kadhaa, vema zaidi usiku kucha. Kama muda haupo, taa kubwa ziwashwe kwa dakika mbili kisha zizimwe, ili chaji ya juujuu itoke, na betri iachwe itulie kidogo kabla ya kupima. Mita ikigusishwa kwenye vichwa viwili vya betri, isomeke volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisomeka 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Na chini ya 11.9 karibu hamna kitu. Ajabu ni kwamba kati ya betri iliyojaa na ile iliyo karibu tupu pana tofauti ya volti ipungukayo moja. Ndiyo maana taa huweza kuwaka vizuri na honi ikalia, huku stata ikigoma.

Hata hivyo volti peke yake hazimalizi shauri. Haidromita husema zaidi kwa sababu hukiingia kila chumba. Maji matupu husomeka 1.000, tindikali ya betri iliyojaa husomeka karibu 1.265, ya nusu karibu 1.190, na ya betri tupu karibu 1.120. Namba hizo ni za vitabu vingi, lakini watengenezaji kadhaa hujaza betri za nchi za joto tindikali hafifu zaidi, yapata 1.240, ili mabamba yasiliwe upesi. Kwa betri ya namna hiyo 1.240 ndiyo kushiba. Mwenye gari mwenye busara huipima betri yake ingali mpya na imejaa, akaandika namba za vyumba vyote sita kwenye karatasi na kuihifadhi pamoja na hati za gari. Joto nalo husahihishwa: kwa kila nyuzi 10 zilizozidi 25, namba iongezwe 0.007.

Linalohukumu betri si udogo wa namba, bali ni tofauti ya namba hizo zenyewe kwa zenyewe. Vyumba sita vikisoma 1.150 vyote, betri hiyo ina njaa tu. Ichajiwe polepole, kwa ampea zipatazo moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60, mpaka kipimo kisipande tena kwa saa mbili au tatu mfululizo. Lakini vitano vikisoma 1.250 na kimoja 1.150, na tofauti hiyo ikabaki baada ya kuchajiwa, basi chumba hicho kimekufa na betri imekwisha. Jaribio la mwisho ni la mzigo: mtu mmoja azungushe stata kwa sekunde chache, mwingine atazame mita. Betri iliyochajiwa ikashuka chini ya volti 9.6 katika joto la kawaida, haina nguvu tena, hata kama ilisomeka vizuri ilipotulia.

Kabla ya hayo yote, vichwa vya betri vitazamwe. Betri nyingi zimefukuzwa kazi kwa kosa la unga mweupe au wa kijani ulioota kati ya kichwa na waya wake, unga ambao huzuia umeme usipite. Magadi yaleyale ya kulainishia maharage, yakikorogwa katika maji, huuyeyusha unga huo na kuizima tindikali iliyomwagika. Ila vifuniko viwe vimefungwa sawasawa, kwa kuwa magadi yakiingia ndani ya vyumba huiharibu tindikali. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kufungwa. Na mtu asithubutu kuchungulia ndani ya betri kwa kibiriti au kwa koroboi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa huweza kulipuka, na mlipuko huo huvurumisha tindikali usoni. Ikimpata mtu machoni, ayaoshe kwa maji mengi kwa robo saa bila kuacha, kisha aende hospitali.

Sasa lifuate shauri la maji, ambalo ndilo kiini cha maangamizi mengi. Kinachopungua ndani ya betri ni maji: sehemu hupotea kwa mvuke, na sehemu huvunjwa na umeme wa kuchajia kuwa haidrojeni na oksijeni. Salfa haitoki. Kwa hiyo kinachostahili kuongezwa ni maji tu, tena yaliyokenekwa, na yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa mabamba yakiwa yameachwa wazi. Maji ya bomba yana klorini na chumvi. Ya visima vya pwani yana chumvi zaidi. Na kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu kinachoondoka katika sufuria ni mvuke, chumvi hubaki. Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya bati huja na madini ya bati hilo.

Lakini iko desturi mbaya kuliko maji ya kisima, nayo ni kuongeza tindikali. Mwenye gari huambiwa kwamba betri yake imeisha makali, hutiwa tindikali mpya, na kwa siku chache gari huwaka kwa kishindo. Aliyelielewa lile daftari la hesabu ataona mara moja hila iliyofanyika. Salfa iliyokosekana katika kiowevu haikupotea: imo ndani ya mabamba, imeganda kuwa salfeti, ikingoja chaji iirudishe. Kutia tindikali nyingine ni kuandika namba mpya juu ya deni ambalo halijalipwa. Haidromita itadanganyika na kusoma vizuri. Betri ikija kuchajiwa kweli, salfa ya zamani itatoka na kujiunga na mpya, na ukali wote huo utayala mabamba na vitenganishi vyake. Haipasi kudhani kwamba mafundi wa kando ya barabara hufanya hivyo kwa uovu. Hufanya hivyo kwa sababu mteja anataka gari liwake leo, na kuchaji polepole huchukua saa 10 au zaidi ambazo mteja hana subira ya kuzingoja. Lawama ni ya wote wawili.

Ziko pia dawa za betri, unga na vidonge vinavyosifiwa kuwa hufufua wafu. Habari yake ina historia yenye mafunzo. Huko Marekani, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mfanyabiashara wa Oakland, California, aliuza unga ulioitwa AD-X2, ambao hasa ulikuwa mchanganyiko wa salfeti za sodiamu na magnesiamu. Ofisi ya taifa ya vipimo iliupima ikaona haufai kitu. Wateja wengi waliosema umewafaa waliandika barua kwa wakubwa, na mwaka 1953 Waziri wa Biashara, Sinclair Weeks, alimtaka mkurugenzi wa ofisi hiyo, Allen Astin, ajiuzulu. Wanasayansi wakapiga kelele nchi nzima, Astin akarudishwa kazini, na kamati iliyoundwa na Akademia ya Taifa ya Sayansi ikathibitisha kwamba vipimo vya ofisi yake vilikuwa sahihi. Barua za wateja zilikuwa za kweli kwa maana moja: betri zao zilipona. Mwenye kutia dawa hushauriwa pia kuichaji betri yake taratibu, na kuchaji huko ndiko kulikoponya. Pasipo betri ya pili iliyochajiwa vilevile bila dawa, hakuna awezaye kuijua tofauti.

Imani nyingine ni nyepesi zaidi. Wako wasemao kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonywa chaji. Kasha la plastiki halipitishi umeme. Betri hiyo ilipungua yenyewe kwa kukaa, na ingepungua hivyo hivyo juu ya meza.

Njaa ya betri hutokana na nini? Dereva hudhani ni kuwasha mara kwa mara. Hesabu haimuungi mkono. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde 3, hutumia chini ya moja ya tano ya ampea-saa, na safari ya dakika chache huilipa. Taa kubwa mbili zilizosahaulika, zikivuta yapata ampea 10 pamoja na taa ndogo, humaliza betri ya ampea-saa 50 kwa saa 5. King'ora cha wezi na redio visivyozimika kabisa, vikivuta ampea 0.05 tu usiku na mchana, huchukua ampea-saa 36 kwa mwezi. Mwenye gari aliyesafiri likizo atarudi alikute limekufa. Nalo gari la abiria linalokwama katika msongamano, injini ikinguruma polepole huku taa, feni na muziki vikifanya kazi, huweza kumaliza siku nzima altaneta isiweze kulipa kinachotumika. Hapo mita itumike mara ya pili, injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa kadiri: isomeke kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, mkanda au altaneta ndio wenye kesi. Ikizidi 15, betri inachemshwa, na maji yake yatakauka hata yangeongezwa kila wiki.

Betri zilizofungwa, zinazouzwa kwa sifa ya kutohitaji matunzo, zimepunguza kazi ya maji lakini si kazi ya kupima. Haidromita haiingii humo. Volti na jaribio la stata hubaki. Kijicho cha rangi ya kijani kilicho juu ya baadhi yake huangalia chumba kimoja tu kati ya sita. Nao wanaoifunga betri ya gari kwenye mtambo mdogo wa nguvu za jua wajue kwamba mabamba yake ni membamba, yaliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kumulika nyumba usiku kucha; ikikaushwa kila siku haitamaliza mwaka. Kwa kazi hiyo yafaa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu za jua, ghali ingawa ni.

Mtu aweza kuuliza kwa nini shauri dogo la nyumbani lichukue nafasi katika jarida la sayansi. Sababu imo katika uzito wa betri. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, takribani kilo 10 kwa betri ya gari dogo, na zaidi ya asilimia 80 ya risasi yote itumikayo duniani huishia katika betri. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote chake kilicho salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, ambako betri kuukuu zilivunjwavunjwa na udongo wake ukachekechwa kutafuta risasi, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Karibu zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kilichoanza mwaka 2007 kiliwatia sumu wakazi mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufani Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Betri iliyotupwa kabla ya wakati wake huongeza shehena katika njia hiyohiyo. Mwenye gari anayebadili betri mara tano katika miaka kumi, ilhali mbili au tatu zingetosha, amezalisha kilo 20 au 30 za risasi zisizo na sababu. Na kwa kuwa mnunuzi wa chakavu hataki kulipia maji, tindikali yenye chembe za risasi humwagwa mtaroni au nyuma ya nyumba, pale watoto wachezapo. Betri iliyokufa kweli ibaki na vifuniko vyake na tindikali yake ndani, isimamishwe wima, irudishwe kwa muuzaji anayepokea kuukuu au ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatari. Kwa Tanzania, anayesimamia taka hizo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kijana wa sekondari huichora seli ya risasi katika daftari lake, akaandika chanya na hasi mahali panapostahili, akapata alama zake. Haidromita huwa imo kabatini mwa maabara, na gari la shule limeegeshwa uani. Mwalimu wa fizikia aweza kuwatoa wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, wakiwa na glavu na miwani ya kukinga macho, wakavipima vyumba sita vya betri hiyo, wakarudia mwezi unaofuata, na mwezi baada ya huo, mpaka mstari wa grafu uanze kuinama. Dereva wa shule naye aitwe asimame karibu, aone namba zinavyoandikwa.